Usipoziba Ufa: Historia ya Fundi Anayeufuata Mtambo

Miaka michache iliyopita nilikwenda katika wilaya moja ya nyanda za kati kusoma nyaraka za zamani. Nyuma ya jengo la halmashauri, ambayo sitaitaja kwa jina, palikuwa na greda la barabara limesimama juu ya magogo. Magugu yalikuwa yameanza kulipanda tairi la mbele. Nilimuuliza mlinzi, mzee mmoja mpole, greda lile limekufa nini. "Halijafa, mwalimu," alinijibu, "lina ufa tu." Akanionyesha kwa fimbo yake. Ulikuwa mstari mwembamba kama unywele, usiozidi urefu wa kiganja, kwenye mkono wa chuma unaobeba bapa la kuchongea barabara.

Kwa maelezo ya mzee huyo, fundi kutoka mjini aliwahi kuja na jenereta yake nyuma ya pikapu. Aliutazama ufa, akataja bei, akaahidi kumaliza kabla ya magharibi. Lakini fundi hakuwa na kampuni iliyosajiliwa, wala risiti ya kielektroniki, wala jina katika orodha ya wazabuni. Afisa aliyehusika aliogopa hoja ya ukaguzi. Fundi akaondoka na jenereta yake, greda likabaki na ufa wake. Misimu miwili ya mvua ilikuwa imepita, na barabara za vijiji zilikuwa zimegeuka makorongo.

Simlaumu afisa yule. Alikuwa mtumishi mwaminifu ndani ya utaratibu uliojengwa na watu wasiowahi kumfikiria fundi wa namna hiyo. Ninachotaka kufanya katika makala haya ni kueleza utaratibu huo ulitoka wapi. Hoja yangu ni moja: historia ya maendeleo yetu imeandikwa kama historia ya kununua mitambo, ilhali kilichoamua hatima ya mitambo hiyo, tangu ukoloni hadi leo, ni uwezo wa kuitengeneza pale pale inapoharibikia. Fundi wa kuchomelea anayeufuata mtambo porini ni mmoja wa wahusika wakuu wa historia yetu ya kiuchumi, na karibu hatajwi popote.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumezoea kuitumia kwa malezi ya watoto na ugomvi wa ndoa. Leo naomba tuichukue kwa maana yake ya waziwazi.

Ujuzi uliozaliwa katika matengenezo

Wengi hudhani kwamba kuchomelea kulibuniwa kwa ajili ya kuunda vitu vipya, kisha kukatumika kutengeneza vilivyovunjika. Kwa kiasi kikubwa mambo yalikuwa kinyume. Mwaka 1881 Nikolai Benardos, mzaliwa wa Dola ya Urusi, alionyesha namna ya kuyeyusha na kuunga chuma kwa mwali wa umeme. Mwaka 1888 Nikolai Slavyanov, mhandisi katika kiwanda cha mizinga cha Perm, aliendeleza ubunifu huo kwa kutumia kijiti cha chuma ambacho chenyewe huyeyuka na kuwa sehemu ya mshono, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kuunga mhimili wa injini ya mvuke. Oscar Kjellberg wa Sweden, aliyebuni kijiti kilichopakwa dawa ya kukinga mshono dhidi ya hewa, aliingia katika kazi hiyo kwa sababu ya matengenezo ya meli na mitungi yake ya mvuke. Kampuni aliyoianzisha Gothenburg mwaka 1904 ilisimama juu ya kazi hiyo.

Jambo lililoufanya ulimwengu uutambue ujuzi huu nalo lilikuwa la matengenezo. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, mwezi Aprili 1917, ilitwaa meli zaidi ya 100 za Kijerumani zilizokuwa zimekwama katika bandari zake. Mabaharia wa Kijerumani walikuwa wamejiandaa: katika meli nyingi walizipasua silinda za injini kwa nyundo, wakiamini kwamba kuzisubu upya kungechukua muda mrefu kuliko vita vyenyewe. Mafundi walizichomelea silinda hizo zikiwa ndani ya meli, bila kuzing'oa. Baada ya miezi michache meli zile zile zilikuwa zikiwapeleka askari wa Marekani Ufaransa.

Kisa hicho kinabeba kanuni yote ya kazi ninayoizungumzia. Kitu kikubwa hakiwezi kupelekwa kwa fundi, kwa hiyo fundi hana budi kukiendea. Nasi tunaifahamu kanuni hiyo kwa mfano wa nyumbani. Meli ambayo leo tunaiita Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari na reli, ikaunganishwa Kigoma kwa ribiti na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe. Waingereza waliiibua mwaka 1924, ikatengenezwa huko huko ufukweni, ikarudi kazini mwaka 1927. Hapakuwa na njia ya kuirudisha Papenburg. Chochote kilichohitajika kufanywa kilipaswa kufanywa Kigoma.

Wala tusidhani kwamba fikra ya kuunga chuma ililetwa na meli. Wahunzi wa Buhaya, Ufipa, Upare na Unyamwezi walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe karne nyingi kabla ya ukoloni, na jembe la chuma lilikuwa fedha, mahari na zana kwa wakati mmoja. Mhunzi alikuwa mtu wa heshima, mara nyingine mtu wa kuogopwa. Jembe lililoletwa kwa bei nafuu kutoka viwanda vya Ulaya ndilo lililozima matanuru yake. Pamoja na tanuru ikazimika heshima ya mtu anayejua chuma kinataka nini.

Kongwa, 1947

Mfano mkubwa kuliko yote wa gharama ya kumdharau fundi uko Kongwa, Dodoma. Wanafunzi wangu wengi wameusikia Mpango wa Karanga kama kichekesho cha wakoloni. Mimi naona ni somo ambalo bado hatujalimaliza.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa, alitoa wazo la kulima karanga kwa mitambo katika Afrika Mashariki. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka nchi kwa wiki chache na kupendekeza kulimwa kwa ekari 3,210,000, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika, kwa gharama ya takriban pauni milioni 25. Serikali ya chama cha Labour ilikubali. Mwanzoni mwa 1947 kikosi cha kwanza kiliwasili Kongwa.

Mitambo ilitoka wapi? Viwanda vya Uingereza na Marekani vilikuwa na foleni ndefu za wanunuzi, hivyo yakanunuliwa matrekta na mabuldoza yaliyoachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino. Yalikuwa yamechakaa vitani, mengine yameliwa na kutu. Baadaye kampuni ya Vickers iligeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta. Kwa maneno mengine, Kongwa ililetewa mitambo ambayo mahitaji yake ya matengenezo yalikuwa makubwa tangu siku ya kwanza.

Kisha mitambo hiyo ikakutana na ardhi. Udongo wa Kongwa una mchanga mkali ndani ya mfinyanzi. Mvua zikikoma hukauka na kuwa kama saruji. Mchanga huo hula makali ya jembe la trekta kama tupa inavyokula mbao. Mizizi ya vichaka ilipinda majembe. Mibuyu iligoma kung'oka. Ili kusafisha pori, mabuldoza mawili yalikokota mnyororo wa nanga ya meli kati yao, na kila mvuto wa ghafla uliingia katika fremu na viungo vya mashine zilizokwisha kuchoka. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizolimwa hazikufika 10,000. Kabla mwaka huo haujaisha, kiasi cha theluthi mbili ya matrekta kilikuwa hakifanyi kazi.

Hapa ndipo pa kusimama na kutafakari. Waingereza hao hao, miaka mitano tu nyuma, walikuwa wameelewa jambo hili kikamilifu. Mwaka 1942, katikati ya vita, waliunda kikosi maalumu cha wahandisi wa umeme na mitambo, REME, kwa sababu waligundua kwamba vita vya vifaru hushinda yule anayeweza kurudisha kifaru kilichoharibika kazini upesi. Karakana ziliwekwa juu ya malori, zikiwa na mashine za kuchomelea, mitungi ya gesi na vinu vya kukerezea, zikavifuata vifaru jangwani. Maofisa wengi wa Mpango wa Karanga walikuwa wametoka jeshini humo. Hata hivyo, Kongwa mitambo ilitangulia na karakana zikachelewa. Vipuri vilikwama katika bandari ya Dar es Salaam na kwenye reli moja iliyozidiwa. Jembe ambalo lingeweza kuvikwa uso wa chuma kigumu kwa kuchomelewa pale pale shambani, ujuzi uliokuwa ukitumiwa na mafundi wa Marekani tangu miaka ya 1920, lilisubiri jembe jingine kutoka ng'ambo.

Kwa nini walisahau? Jibu langu ni kwamba vitani mtengenezaji alikuwa na cheo, bajeti na kamanda. Katika mpango wa maendeleo hakuwa navyo. Mpango ulipimwa kwa ekari na idadi ya mitambo, vitu vinavyoweza kuandikwa katika taarifa ya Bunge na kupigwa picha. Ufa ulioungwa haupigwi picha.

Kuna sababu ya pili, nayo inatuhusu zaidi. Watanganyika zaidi ya 80,000 walitumikia jeshi la Uingereza katika vita hivyo, na baadhi yao walirudi wakijua kuendesha malori na kufungua injini. Lakini katika karakana za kikoloni mishahara na vyeo vilipangwa kwa rangi. Fundi kamili alikuwa Mzungu, au Mhindi. Mwafrika alikuwa spanaboi, mtu wa kushika taa na kupokeza vijiti. Wapo waliojifunza kwa kutazama kwa pembe ya jicho, bila kioo cha kukinga macho. Nchi ikawa na watu wenye ujuzi wasio na cheti, na hali hiyo haijatuacha.

Mwezi Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuufuta mpango. Takriban pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea. Reli ya Mtwara hadi Nachingwea iliyojengwa kwa ajili ya karanga ilifungwa mwanzoni mwa uhuru. Sisemi kwamba mafundi wa kuchomelea peke yao wangeuokoa mpango ule. Mvua za Kongwa hazikutosha, udongo haukuifaa karanga, na haraka ya wanasiasa wa London haikuwa na dawa. Ninachosema ni kwamba mpango ulikosea juu ya mitambo kwa namna ile ile ulivyokosea juu ya udongo: haukuwauliza waliokuwa karibu na kitu chenyewe.

Mang'ula na miaka ya dhiki

Robo karne baadaye mradi mwingine mkubwa ulipita katika nchi yetu kwa mtazamo tofauti. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China. Wajenzi wake walitembea na karakana zao. Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, kulikuwa na karakana kubwa ya kutengenezea vifaa vya ujenzi, ambayo baadaye iligeuzwa kiwanda cha zana na vipuri. Maelfu ya vijana wa Tanzania na Zambia walijifunza kazi kwa kuifanya, bega kwa bega na mafundi wa Kichina, lugha yao ikiwa ishara za mikono na maneno machache ya Kiswahili.

Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikuwa imeelewa sehemu ya somo. SIDO iliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo. Moshi kilijengwa kiwanda cha zana za mashine kwa msaada wa Bulgaria. Lakini sehemu nyingine ya somo haikueleweka. Miradi mingi ya miaka ile ilikuja na mitambo ya msaada, kila mfadhili na chapa yake, na kila chapa na vipuri vyake. Matrekta na makatapila ya nchi saba tofauti katika shamba moja la serikali ni maktaba ya lugha saba isiyo na kamusi.

Dhiki ilipokuja, baada ya bei ya mafuta kupanda, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na fedha za kigeni kukauka, kipuri kikawa bidhaa adimu kama sukari. Ombi la kuagiza kipuri lilisafiri kutoka mezani hadi mezani hadi Benki Kuu. Wakati huo ndipo fundi wa kuchomelea alipokuwa wizara isiyo rasmi ya viwanda. Aliunga kilichotakiwa kutupwa. Aliongeza nyama kwenye jino lililolika, akalisaga likarudi umbo lake. Alikata kipande cha lori lililokufa akakitia kwenye katapila linalokufa.

Malipo aliyoyapata kutoka kwa dola yalikuwa ya ajabu. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria iliyojulikana kama Nguvukazi, na watu wa mijini wasio na ajira inayotambuliwa wakakamatwa na kusombwa kupelekwa mashambani. Fundi wa mtaani asiye na kitambulisho cha mwajiri angeweza kuhesabiwa mzururaji, hata kama asubuhi hiyo alikuwa ameufufua mtambo wa umma.

Kuanzia miaka ya 1990 mashirika ya umma yalibinafsishwa au kufungwa. Mafundi waliosomeshwa na mashirika hayo walipunguzwa kazi, wakaondoka na kitu kimoja ambacho hakuna mufilisi aliyeweza kukiorodhesha: mikono yao. Wengine walinunua mashine ya kuchomelea kwa kiinua mgongo chao. Nchi jirani ya Kenya ilipitia njia yake yenyewe. Wale wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, walijadiliwa katika ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 na katika sera ya serikali ya 1992, hata jina lao la mtaani likaingia katika nyaraka rasmi. Kwetu fundi wa kuhamahama hakupata hata jina.

Anachokijua fundi

Msomaji anaweza kuuliza: kuna ujuzi gani mkubwa katika kuunganisha vyuma viwili? Nimeketi na mafundi hawa mara kadhaa, na ningependa kueleza kidogo nilichojifunza, maana dharau nyingi hutokana na kutojua.

Ufa wa chuma ni kama ugonjwa: unachoonekana nje si mwisho wake. Fundi hodari hulisafisha eneo, hulipaka mafuta ya taa, hulifuta, kisha hulipaka chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hujitokeza kwenye weupe wa chaki na kuchora mstari hadi unapokomea. Pale unapokomea hutoboa tundu dogo kwa keekee, ili ufa usiendelee kusafiri wakati wa joto. Kisha huuchimba ufa wote mpaka kina chake, akiacha mfereji wenye umbo la herufi V. Anayechomelea juu juu bila kuchimba amepaka rangi kwenye kidonda.

Halafu huja swali la aina ya chuma. Vyuma vingi vigumu hutaka kupashwa moto kwanza na kupoozwa polepole, la sivyo hupasuka pembeni mwa mshono. Lakini kipo chuma cha manganizi, kilichobuniwa na Robert Hadfield wa Sheffield mwaka 1882, ambacho hutumika katika mataya ya mashine za kusaga mawe. Hicho kikipashwa moto kupita kiasi huwa dhaifu kama kigae, kwa hiyo huchomelewa kidogo kidogo kikiwa baridi. Fundi wa porini asiye na maabara hukitambua kwa sumaku: chuma cha manganizi hakinasi. Kipande kimoja cha sumaku mfukoni kinaweza kuamua kama machimbo yatasaga kokoto kesho au la.

Zipo tahadhari nyingine. Waya wa kurudishia umeme lazima ubanwe karibu na mshono, maana ukibanwa mbali umeme hupita katika beringi za mtambo na kuziharibu. Betri hufunguliwa, na katika mitambo ya kisasa vifaa vya kompyuta pia. Mabomba ya mafuta ya haidroliki hukaguliwa. Tangi la mafuta haliguswi mpaka lioshwe na kupitishwa hewa, kwani tangi tupu lenye mvuke ni bomu.

Nisiwasifie kupita kiasi. Vijiti vinavyotumika kwa vyuma vizito visipokuwa vikavu huingiza haidrojeni katika mshono, na mshono unaoonekana mzuri jioni unaweza kupasuka alfajiri. Kuvianika juani juu ya boneti ya pikapu, kama nilivyoona, hakutoshi. Vinataka tanuru lenye joto la nyuzi mia kadhaa. Wapo wasiolijua hilo, kwa kuwa aliyewafundisha naye hakulijua. Mtambo unaoanguka kwa mshono mbovu unaweza kuua mtu. Kwa hiyo sidai kwamba dola iwafungie macho mafundi. Nadai iwatazame.

Ufa ulioko kati ya sheria na mtambo

Leo nchi yetu ina mitambo mizito mingi kuliko wakati wowote: machimbo ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa, reli ya kisasa, barabara, machimbo ya kokoto, mashamba ya miwa. Migodi mikubwa ina karakana zake. Lakini mkandarasi mdogo wa barabara, mchimbaji mdogo wa Geita au Chunya, na halmashauri yenye greda moja, wote wanamtegemea mtu mwenye pikapu, jenereta na simu.

Mtu huyo anasimama nje ya karibu kila mlango tuliouweka. Muundo wetu wa utumishi una mhandisi, fundi sanifu na fundi mchundo, na kila mmoja anaingia kwa cheti. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi humlinda mwenye mwajiri. Yeye mwajiri wake hubadilika kila Jumanne. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inazungumzia mahali pa kazi. Yake ni pori lolote mtambo ulipolala. Mwaka 2017 wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani walihitimisha kwamba moshi wa kuchomelea husababisha saratani kwa binadamu. Sijui ni mafundi wangapi wa pembezoni mwa barabara zetu waliowahi kuambiwa hivyo. Wanachokijua ni usiku wa macho yanayowasha kana kwamba yametiwa mchanga.

Njia za kuuziba ufa huu hazihitaji mfadhili. Ya kwanza tunayo tayari: VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi hupimwa kwa kazi yake, huongezewa anachokosa na kupewa cheti. Utaratibu huo ufike machimboni na kwenye kambi za barabara, ujumuishe majaribio ya matengenezo ya mitambo mizito, na umfundishe fundi habari ya vijiti vikavu na moshi kabla ya kumpa karatasi.

Ya pili ni kwa watumishi wenzangu wa umma. Kila bajeti ya kununua mtambo iandikwe pamoja na bajeti ya kuutengeneza, na kila halmashauri iwe na orodha ya mafundi wadogo waliopimwa, wanaoweza kuitwa kwa kazi ndogo bila kupitia mlolongo wa zabuni uliokusudiwa kwa ujenzi wa madaraja. Mkaguzi naye ajifunze kuuliza swali la pili. Akishauliza kwa nini fundi alilipwa shilingi laki tatu, aulize pia greda lililosimama misimu miwili limeigharimu wilaya kiasi gani. Swali la kwanza lina fomu yake. La pili halina fomu, kwa hiyo haliulizwi.

Ya tatu ni kwetu wanahistoria na wanafunzi wetu. Wazee waliojifunza Mang'ula wanaondoka mmoja baada ya mwingine. Majina ya waliobuni Mpango wa Karanga yamo katika kila maktaba. Ya waliounga mitambo yake hayamo. Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu asiende mbali. Aende gereji ya mtaani kwake na daftari, amsalimu mzee, akae chini na kusikiliza.

Nilipokuwa nikiondoka katika halmashauri ile nilimuuliza mlinzi kama bado ana namba ya simu ya yule fundi. Alikuwa ameiandika kwa chaki kwenye ukuta wa kibanda chake. Mvua ilikuwa imefuta tarakimu mbili za mwisho.